Acheni Kuitetea Nambari Tasa kwa M-Pesa

Kila inapotangazwa kwamba imepatikana nambari tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, swali huwa ni lile lile, liulizwe Nairobi, Keroka au Nyamira mjini: itatufaa nini? Watetezi wa hisabati nao hawakosi jibu. Nambari hizo, husema, ndizo zinazolinda pesa zako za M-Pesa. Muulizaji hunyamaza, mjibuji hujiona ameshinda, na mjadala huishia hapo. Nakusudia kuwapinga wote wawili. Swali linaipima elimu kwa kipimo kimoja tu, cha pato. Na jibu, badala ya kukikataa kipimo hicho, linakikubali kisha linakitosheleza kwa maelezo yasiyo sahihi. Hoja yangu ni kwamba nambari tasa kubwa ina jambo la kumfundisha mwanafunzi wa Kisii na Nyamira ambalo kipimo cha pato hakilioni, nalo ni namna ya kutenganisha lililosemwa na lililothibitishwa. Na anayelihitaji zaidi somo hilo ni yule yule ambaye mfumo wetu wa elimu umeamua kwamba hisabati kidogo inamtosha.

Mtazamo wa pato haukuanzia wala hauishii mitaani. Mpango wa awali wa sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi haukuiweka hisabati miongoni mwa masomo ya lazima. Wananchi walilalamika, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba itakuwa ya lazima kwa wote, ila kwa viwango viwili: hisabati ya kina kwa wanaofuata mkondo wa sayansi na teknolojia, na nyingine nyepesi, ya mahitaji ya kila siku, kwa wale wa sayansi za jamii na wa sanaa na michezo. Kwa mwenyeji wa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, mantiki ya uamuzi huo ni rahisi kuielewa. Hapa shamba hugawanywa kila kizazi hadi likabaki kipande, majani ya chai hulipwa kwa kilo, vinyago vya mawe vya Tabaka hutegemea mnunuzi aamkavyo, na karo ndiyo inayomnyima mzazi usingizi. Mzazi wa namna hiyo ana haki ya kuuliza ananunua nini shuleni. Kuuliza si kosa. Kosa ni kuamini kwamba jibu la maana ni lile tu linaloandikika kwa shilingi, kisha kulitungia mtaala.

Tuanze na kitu chenyewe. Nambari tasa ni nambari nzima iliyozidi 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mkulima mwenye miche 91 ya chai anaweza kuipanda katika safu 7 zenye miche 13 kila moja, zikalingana. Mwongeze miche 6 ili iwe 97, na hata akeshe hatapata safu zinazolingana, isipokuwa aipange yote mstari mmoja au kila mche usimame peke yake. Kwa macho, 91 na 97 hazina tofauti: zote ni witiri, wala hakuna inayoishia kwa 5, na wengi wamehadaika wakaihesabu 91 kuwa tasa. Lazima ujaribu kugawanya kwa 2, 3, 5 na 7, na lazima pia ujue kwa nini ukishajaribu 7 unaweza kuacha: kama 97 ingekuwa na vigawo viwili vinavyozidi 1, kimojawapo kingekuwa chini ya 10, kwa kuwa 10 mara 10 tayari ni 100. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo hisabati yenyewe. Kujaribu ni kazi ya mkono; kujua kwamba umejaribu vya kutosha ni kazi ya akili, na ndiko kunakokupa haki ya kusema "hakika" mahali pa "nadhani".

Sasa tuikuze nambari. Tarehe 21 Oktoba 2024 mradi wa GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka wa 1996 na unaokusanya nguvu za kompyuta za watu wa kujitolea duniani kote, ulitangaza kwamba Luke Durant wa Marekani amepata nambari tasa mpya: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiichapa kwa tarakimu 3,000 kila ukurasa, itajaza zaidi ya vitabu 68 vya kurasa 200. Ukiisoma kwa sauti, tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana, utamaliza baada ya siku 474 na ushei. Hata hivyo mwanafunzi wa Gredi ya 8 aliyeketi Nyansiongo bila kompyuta anaweza kukwambia tarakimu yake ya mwisho. Vipeo vya 2 huishia kwa 2, 4, 8, 6, kisha mzunguko ukaanza upya. Gawanya 136,279,841 kwa 4 na baki ni 1. Basi 2 kwa kipeo hicho inaishia kwa 2, na ukitoa 1, nambari ya Durant inaishia kwa 1. Mwanafunzi huyo hakuambiwa na mtu wala hakuiona nambari nzima, na bado hakuna profesa anayeweza kumpinga.

Je, nambari hii inalinda pesa zako? Hailindi, na haiwezi. Njia ya kufumba siri iliyobuniwa mwaka wa 1977 na Rivest, Shamir na Adleman huchukua nambari tasa mbili, huzizidisha, huliweka hadharani zao lake na kuzificha zenyewe. Usalama umo katika ugumu wa kuzirudisha hizo mbili kutoka kwa zao. Ufunguo wa kawaida siku hizi una zao la tarakimu 617, na kila nambari iliyofichwa ina tarakimu 309 hivi. Tarakimu milioni 41 zingekuwa mzigo ambao simu isingeubeba. Zaidi ya hayo, nambari za siri hazina thamani zikijulikana. Ya Durant imetangazwa kwa dunia nzima, tena ni ya kundi la Mersenne, la nambari tasa zilizo 2 kwa kipeo fulani, ukitoa 1, ambalo zinazojulikana ni 52 tu. Mwizi angezijaribu hizo kwanza. Na laini ya simu ya mkulima wa Borabu haitambuliwi na mtandao kwa nambari tasa yoyote, hutambuliwa kwa siri moja iliyohifadhiwa ndani ya kadi yake na katika mitambo ya kampuni. Anayeitetea nambari ya kuvunja rekodi kwa kutaja M-Pesa amechanganya mambo, na siku akigunduliwa atakuwa amewafunza wasikilizaji wake kwamba hata wanahisabati husema lolote mradi wapewe nafasi.

Mpinzani makini atajibu: haya, rekodi haina kazi, lakini nambari tasa nyingine zinayo. Ni kweli, na mfano bora ni 2 kwa kipeo cha 255, ukitoa 19. Mtaalamu wa kufumba siri Daniel Bernstein aliichagua nambari hii ya tarakimu 77 kwa sifa zake: iko jirani kabisa na kipeo cha 2, hivyo kompyuta hupata baki haraka bila kugawanya, kwa kuweka 19 kila inapokutana na kipeo hicho. WhatsApp huitumia. Ukoo unapopanga harambee kwenye kikundi chenye jamaa wa Suneka na wa Minneapolis, funguo zinazofumba ujumbe wao zimetokana na hesabu zilizofanywa juu ya nambari hiyo. Lakini tazama faida hiyo ilivyokuja. Mwaka wa 1940 mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy aliandika kwamba hakuna aliyewahi kuipatia nadharia ya nambari matumizi ya kivita. Miaka 37 baadaye nambari tasa zikawa moyo wa usiri, wa kijeshi na wa kibiashara. Mwaka wa 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa chuo huko Virginia, alikuwa akichunguza nambari tasa pacha, zile zinazoachana kwa 2 kama 11 na 13, akagundua kwamba kichakataji cha Pentium hukosea kugawanya. Kosa hilo liliigharimu Intel dola milioni 475. Hakuna aliyepanga lolote kati ya hayo. Elimu iliyotetewa kwa faida za bahati inaweza kukataliwa kwa kukosa bahati, na mtetezi wake hatakuwa na la kusema.

Kuna tatizo kubwa zaidi kwa hoja ya faida, na sijaona watetezi wake wakiligusa. Nambari tasa zinazotumika kulinda siri kwa kawaida hazijathibitishwa kuwa tasa. Kompyuta huokota nambari ya bahati nasibu na kuifanyia majaribio ambayo isiyo tasa ina nafasi ndogo ya kuyapita. Ikiyapita mara kadhaa, hukubaliwa na kazi ikaendelea. Kwa mhandisi hilo latosha. Wanahisabati walifanyaje? Nambari ya Durant ilipita jaribio la namna hiyo tarehe 11 Oktoba 2024 kwenye kompyuta iliyokuwa Dublin. Hawakutangaza. Kesho yake kompyuta nyingine, San Antonio, Texas, ikamaliza jaribio lisilobakisha shaka, kisha nambari ikahakikiwa tena kwa programu na mashine tofauti kabla ya tangazo la tarehe 21. Kama kipimo ni faida, siku hizo kumi zilipotea bure. Na mtu akiuliza kwa nini mtoto wa Kisii adai uthibitisho ikiwa benki yenyewe inaridhika na uwezekano, jibu ni kwamba benki inajua shaka yake ni ndogo kiasi gani, na inajua kwa sababu kipo kiwango kilichothibitishwa: kila duru ya jaribio la Miller na Rabin, mojawapo ya majaribio hayo, huipitisha kimakosa nambari isiyo tasa kwa nafasi isiyozidi robo. Asiyejua uthibitisho ni nini hawezi kutofautisha shaka iliyopimwa na uvumi.

Historia ya nambari hizi ni historia ya watu wakubwa kukosea na watu wa kawaida kuwasahihisha kwa hesabu. Mwaka wa 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne, aliyeandikiana barua na wasomi wakubwa wa Ulaya, alitoa orodha ya vipeo hadi 257 vinavyozaa nambari tasa, ukiipandisha 2 kwa vipeo hivyo kisha ukatoa 1. Hakutoa uthibitisho, na jina lake likaibeba orodha hiyo kwa vizazi. Ilikuwa na makosa matano. Aliingiza 67 na 257 zisizostahili, akaacha 61, 89 na 107. Mwaka wa 1876 Édouard Lucas alionyesha kwamba ile ya 67 si tasa, bila hata kujua vigawo vyake. Mwaka wa 1903 Frank Nelson Cole akavitaja: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Ile ya 61 iliokolewa mwaka wa 1883 na Ivan Pervushin, kasisi wa kijijini katika eneo la Ural nchini Urusi, mbali na vyuo vikuu, asiye na mashine. Wanaosema kwamba nambari tasa kubwa ni anasa ya miji na matajiri wangefaa kueleza huyo kasisi aliingiaje.

Na tusiishie kusimulia, maana jaribio la Lucas, ambalo D. H. Lehmer alilinyoosha mwaka wa 1930, linafanyika kwenye daftari. Chukua 31, yaani 2 kwa kipeo cha 5, ukitoa 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: 14. Rudia: 194. Kila ukizidi 31, gawanya na ubaki na baki. 194 hubakiza 8. Rudia: 8 mara 8, ukitoa 2, ni 62, na 62 hubakiza 0. Kanuni inasema urudie mara mbili pungufu ya kipeo, hapa mara 3, na ukifika 0 nambari ni tasa. Sasa jaribu 2,047, iliyo 2 kwa kipeo cha 11, ukitoa 1. Unatakiwa kurudia mara 9, na mabaki yanakwenda hivi: 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Halikuja 0, basi 2,047 si tasa, na umejua hivyo kabla ya kujua kwamba ni 23 mara 89. Mashine ya San Antonio ilifuata kanuni hii hii. Kilichozidi ni marudio, zaidi ya milioni 136. Mwanafunzi aliyemaliza mabaki tisa ya 2,047 anaelewa kilichofanyika Texas kuliko mwandishi wa habari aliyekitangaza, na gharama yake ilikuwa kalamu na karatasi.

Kwa nini jambo hili liwe na uzito Gusii kuliko kwingine? Kwa sababu Gusii inajua bei ya madai yasiyothibitishwa, kwa pande zote mbili. Matokeo ya KCSE ya 2022, yaliyotangazwa Januari 2023, yalipozipandisha juu shule kadhaa za Kisii na Nyamira, nchi iligawanyika kati ya waliosherehekea na walioshuku, na kamati ya elimu ya Bunge la Taifa ikaingia kuchunguza. Mwanafunzi aliyejisomea kwa haki alijikuta akibeba tuhuma asiyoweza kuifuta kwa cheti, kwa maana cheti chenyewe ndicho kilichotiliwa shaka. Kwa upande wa giza zaidi, Oktoba 2021 wanawake wanne wa umri mkubwa waliuawa Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Sidai kwamba somo la nambari tasa lingewaokoa. Umati uliokwisha kuwasha moto hauhojiwi kwa hesabu. Nadai kwamba jamii inayowalea watoto wake miaka 12 shuleni bila hata mara moja kuwauliza "umejuaje?", ikiwauliza tu "jibu ni lipi?", inawaandaa kuamini anayesema kwa sauti kubwa. Hisabati ni somo ambalo mtoto anaweza kumshinda mkubwa bila kumkosea adabu, kwa kuwa aliyeshinda ni hesabu.

Watakaopinga wana hoja tatu za kujibiwa. Ya kwanza: watoto wengi hawajui hata kuzidisha, watafikaje huko? Lakini kuzidisha, kugawanya na kupata baki ndicho chakula cha nambari tasa. Atakayelifanya jaribio la 2,047 amefanya mazoezi hayo mara tisa akiwa na sababu ya kutaka kupatia, kwa kuwa kosa moja huharibu yote yanayofuata. Ya pili: walimu ni wachache na vifaa havipo. Hoja hiyo inaangukia maabara na kompyuta, na hapa havihitajiki vyote viwili. Ya tatu ndiyo nzito: kutafuta nambari za rekodi hula umeme na mitambo ghali, na Durant alikodi kompyuta katika nchi 17. Nakubali kabisa. Sioni sababu ya kaunti zetu kushindania rekodi, na sijaiomba. Nimeomba uthibitisho ufundishwe, na uthibitisho mzuri kupita wote kuhusu nambari tasa, ule wa Euclid wa miaka 2,300 iliyopita, hauhitaji hata taa. Mtu akidai kwamba orodha yote ya nambari tasa ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13, zizidishe zote, uongeze 1: utapata 30,031. Kila iliyo kwenye orodha ikiigawanya hubakiza 1. Basi iko nambari tasa nje ya orodha, na hivyo hivyo kwa orodha nyingine yoyote, hata ndefu vipi. Hazina mwisho.

Kipimo hiki cha uthibitisho lazima pia kitupime sisi wenyewe. Mwaka wa 1950 Jean de Heinzelin alifukua Ishango, kando ya mto Semliki mashariki mwa Kongo, mfupa wa miaka 20,000 hivi wenye mikato. Safu moja ina makundi ya mikato 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo nambari tasa zote kati ya 10 na 20, na wapo wanaotangaza kwamba Mwafrika alizijua nambari tasa kabla ya Mgiriki. Ningependa iwe kweli. Lakini safu nyingine ya mfupa huo huo ina 9 na 21, zisizo tasa, na wachunguzi wengine wameisoma mikato hiyo kama hesabu ya mwezi. Ushahidi uliopo hautoshi, na kujivunia tusichoweza kukithibitisha ni kurudia kosa la Mersenne kwa bendera tofauti.

Basi madai yangu kwa watunga mitaala na kwa walimu ni haya. Uthibitisho usifungiwe kwenye hisabati ya wanasayansi watarajiwa. Wakili, mhubiri, mwanahabari, diwani na mwamuzi wa mpira watatoka kwenye mikondo ile mingine miwili, na kazi zao zote ni kuamua nani asadikiwe. Kwenye kila mtihani wa hisabati nyepesi liwekwe angalau swali moja linaloomba sababu na kuipa alama nyingi kuliko jibu. Nalo lisiwe gumu: mwalimu aandike ubaoni kwamba 30,031 ni nambari tasa, aseme kwamba Euclid ndivyo alivyofundisha, kisha awape darasa wiki moja. Euclid hakufundisha hivyo; alisema tu kwamba kuna nambari tasa iliyokosekana kwenye orodha. 30,031 ni 59 mara 509. Mwanafunzi wa mkondo wa sanaa atakayeinua mkono kusema kwamba mwalimu amekosea, akaonyesha kwa nini, na mwalimu akakubali kwa sababu hesabu imekubali, atakuwa amepata kilichomleta shuleni, hata kama maishani hatauziwa wala hatauza nambari tasa hata moja.